Nadharia Zilizopita Kilosa

Tarehe 8 Desemba 2000 kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kilivamiwa na morani wa Kimasai, na wakulima 38 wakauawa. Sababu hazikuchukua muda kupatikana. Watu wameongezeka, ng'ombe wameongezeka, ardhi ni ileile. Ikifika hapo damu itamwagika tu. Maelezo hayo ni mepesi, na wepesi wake ndio unaotia shaka, kwa maana yalikuwepo kabla ya vifo. Yalikuwa yameshaandikwa kwingine, juu ya nchi nyingine, yakawa yanangoja tukio.

Kilosa imepitiwa na nadharia nyingi za namna hiyo. Zilianza kuingia wakati wa Mwingereza, na kila moja ilipofika ilimkuta mkulima na mfugaji wakigombana mahali palepale: penye maji.

Nchi yenyewe kwanza. Upande wa magharibi wa wilaya kuna milima, ya Ukaguru, ya Usagara, hadi Uvidunda kule kusini, na mito inayoshuka huko humwaga maji yake kwenye tambarare za Mkata. Kata ya Tindiga iko kwenye tambarare hizo, upande wa kuelekea Mikumi. Mkulima anapenda bonde linalotuamisha maji kwa sababu mpunga hustawi humo. Mfugaji analipenda bonde hilohilo kwa sababu ifikapo Septemba, majani ya mbugani yakishakauka na kuchomwa moto, mabichi hubaki humo tu. Ekari chache za bonde ndizo zinazoyafanya mamia ya ekari za mbuga iliyo kando yake yafae kwa ng'ombe. Ukililima bonde lote, mbuga yote haina kazi wakati wa kiangazi, hata kama haijaguswa na jembe. Ukiwa umesimama pale, jambo hili halihitaji mwalimu. Kwenye takwimu za wilaya halionekani kabisa, maana takwimu huchukua hekta zote zikagawanywa kwa ng'ombe wote, likapatikana jibu moja.

Wafugaji wa Kimaa waliotangulia kufika huku ni Waparakuyo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wabaraguyu. Walisukumwa kusini na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19. Wakawakuta Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wakilima. Baadaye wakaja Wajerumani, reli ya kati, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na manamba kutoka pande zote za Tanganyika. Katika hali hiyo ya mchanganyiko ndipo nadharia ya kwanza ilipowafikia watawala.

Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits alichapisha utafiti wake kuhusu kile alichokiona kuwa utamaduni wa ng'ombe wa Afrika Mashariki. Aliuandika kutoka maktabani, New York, bila kufika. Hoja yake ilikuwa kwamba katika ukanda huu wote ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni ibada, kabla ya kuwa mali ya sokoni. Kama maelezo ya utamaduni, kuna ukweli mwingi humo. Lakini maofisa wa mifugo waliigeuza ikawa sheria ya tabia: mfugaji hauzi ng'ombe, kwa sababu moyo wake uko kwa ng'ombe. Ukimwuliza ofisa amejuaje kwamba moyo wa mfugaji uko kwa ng'ombe, atakujibu: si unaona hauzi?

Mwaka 1934, kule Vienna, Karl Popper alitoa kitabu chake juu ya mantiki ya utafiti wa kisayansi. Sharti lake linajulikana: nadharia iseme mapema ni jambo gani likitokea itakuwa imeshindwa. Herskovits hakuwa akilini mwa Popper hata kidogo, lakini ukilitumia sharti hilo kwa nadharia ya ng'ombe iliyokuwa ikisomwa na maofisa, jibu linapatikana haraka. Mfugaji asipouza, nadharia imethibitika. Akiuza, basi ameanza kustaarabika, na nadharia imethibitika tena.

Kilosa ilipata bahati ya kuwa na mtu aliyekwenda kuangalia. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alifika Ukaguru, kaskazini mwa wilaya, mwaka 1957, na aliendelea kuandika juu ya nchi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Makala yake ya 1961 ilihusu pombe na wizi wa ng'ombe. Mada inachekesha mpaka uisome. Ndani yake unawaona Wakaguru na Waparakuyo wakidharauliana na kuhitajiana: wanakutana kwenye pombe, wanafanya biashara ya mifugo, wanaibiana, na wakifikishana mahakamani wanafika kwenye mahakama ya utawala wa kienyeji iliyo mikononi mwa Wakaguru. Mwingereza alikuwa ameamua kwamba nchi ile ni ya kabila moja lenye mtemi wake, na aliyekuwa nje ya kabila hilo akabaki mgeni hata kama babu yake alizikwa hapo. Uadui ulioonekana kuwa wa asili ulikuwa na karani, muhuri na sanduku la faini.

Muongo mmoja baadaye Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiongoza idara ya sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliisema hoja hiyo kwa ukali zaidi. Makala yake ya 1971 ilishambulia tabia ya wasomi kulitumia kabila kama sababu. Ukisema watu fulani wamepigana kwa kuwa ni makabila mawili, umetaja majina ya waliopigana. Hujaeleza kwa nini walipigana mwaka ule na si mwaka uliotangulia. Nadhani hakuna makala ya chuo hicho cha Mlimani inayostahili kusomwa upya Kilosa kuliko hiyo. Baada ya Rudewa wako waliosema Mmasai ni mpiganaji kwa asili, kana kwamba asili hiyo ilikuwa imelala miaka yote ikaamka siku moja ya Desemba.

Uhuru ulikuja na nadharia zake. Mwaka 1964 Mikumi ikawa hifadhi ya taifa, na 1975 ikapanuliwa. Sehemu nyingine ya tambarare ikawa ranchi ya serikali ya Mkata. Mashamba makubwa yalibaki kuwa mashamba makubwa, mengine yakiwa pori. Kisha Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ikakusanya watu vijijini. Wafugaji wakatengewa vijiji vyao, Twatwatwa kikiwa kinachojulikana zaidi, na mstari ukachorwa ardhini kati ya watu ambao Beidelman aliwaona wakinywa pamoja. Kiangazi ng'ombe hakujua mstari huo uko wapi.

Nadharia iliyokuwa ikitawala vichwa vya wataalamu wa malisho wakati huo ilitoka kwa Garrett Hardin, mwanabiolojia wa California, aliyeandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yataangamia, kwa kuwa kila mwenye ng'ombe hunufaika peke yake akiongeza mmoja, ilhali hasara hugawanywa kwa wote. Kimantiki hoja hiyo haina kasoro. Ukikubali masharti yake, hitimisho linafuata. Swali ni kama masharti yapo Kilosa: je, malisho ya Mkata yalikuwa ya wote, bila mwenyewe wala kanuni? Elinor Ostrom alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba malisho, misitu na mifereji ya pamoja duniani mara nyingi ina kanuni, na kitabu chake cha 1990 kilimpeleka hadi Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Peter Rigby, aliyeishi na Waparakuyo wa Tanzania na kuandika kitabu juu yao mwaka 1985, alieleza jamii yenye mpangilio wa rika, wazee na ardhi. Kwa hiyo Hardin hakukanushwa na Kilosa. Hakuwa akiizungumzia Kilosa. Alizungumzia mahali pasipo na kanuni, na serikali, kwa kuziondoa kanuni zilizokuwepo, ilikuwa ikipatengeneza mahali hapo.

Tofauti hii, kati ya nadharia iliyoshindwa na nadharia iliyopelekwa mahali pasipo pake, ndiyo iliyowashughulisha wanafalsafa wa kundi moja ambao majina yao hayasikiki sana kwetu. Mwaka 1971 Joseph Sneed alitoa kitabu juu ya muundo wa kimantiki wa fizikia. Wolfgang Stegmüller kule Munich akaichukua kazi hiyo, na pamoja na wanafunzi wao, akina Wolfgang Balzer na Ulises Moulines, ikakua kuwa mkabala kamili. Walisema nadharia si fungu la sentensi za kupimwa moja moja kama ni kweli au uongo. Nadharia ni muundo, unaoweza kuandikwa kwa lugha ya seti, ukiambatana na orodha ya mahali unapokusudiwa kutumika. Ukileta nadharia bila orodha hiyo, hujaleta nadharia bado. Balzer aliupeleka mkabala huo kwenye taasisi za kijamii, katika kitabu alichochapisha 1993.

Sneed aliona jambo jingine. Katika mekanika ya Newton, umbali na muda unaweza kuvipima bila kumhitaji Newton. Rula na saa vinatosha. Tungamo na kani ni tofauti: kila njia ya kuvipima tayari inaitumia nadharia yenyewe. Kwa hiyo kila nadharia ina dhana huru, zinazopimwa nje yake, na dhana tegemezi, zinazopimwa kwa msaada wake. Dhana tegemezi si dhambi. Fizikia imeishi nazo miaka mia tatu na ushee, kwa kuwa imefungwa kwenye dhana huru kwa kamba nyingi: tungamo lile lile la mwezi lazima litoe majibu sawa katika hesabu nyingi tofauti. Hatari inaanza pale dhana tegemezi inapobaki peke yake na kamba moja tu. Hapo mnunuzi wa mpunga amekuja shambani na debe lake mwenyewe, na debe hilo ndilo ushahidi pekee kwamba debe ni sahihi.

Nadharia ya uhaba iliyofikishwa Kilosa mwaka 2000 ilikuwa imetoka Kanada. Thomas Homer-Dixon wa Toronto aliiandika katika makala za 1991 na 1994, kisha katika kitabu cha 1999: uhaba wa ardhi, maji na misitu huleta umaskini na uhamaji, na hayo huleta machafuko ya silaha. Mwaka 1994 ulikuwa mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na dunia ilikuwa na njaa ya maelezo. Mwandishi Robert Kaplan aliitangaza nadharia hiyo kwa wasomaji wa kawaida mwaka huohuo, ikafika mezani kwa wakubwa wa Washington. Hata wasiojua jina la Homer-Dixon waliongea lugha yake.

Tuiandike kwa mtindo wa akina Sneed, kwa ufupi. Tunayo seti ya vijiji. Kila kijiji kina kiwango cha uhaba na kiwango cha ugomvi. Kanuni inasema: uhaba ukipanda, na taasisi zikiwa dhaifu, ugomvi hupanda. Ugomvi ni dhana huru. Maiti, majeruhi na nyumba zilizochomwa vinahesabika bila nadharia yoyote. Na uhaba? Homer-Dixon anautaja wa aina tatu. Kuna uhaba wa kupungua kwa rasilimali, uhaba wa kuongezeka kwa mahitaji, na uhaba wa mgawanyo, yaani wachache kuhodhi na wengi kukosa. Aina mbili za kwanza zinapimika. Ya tatu ndiyo iliyoharibu hesabu. Hifadhi ikichukua malisho ya Waparakuyo, huo ni uhaba. Mwenyekiti wa kijiji akiuza bonde kwa mtu wa mjini, huo nao ni uhaba. Kila hali ya Tindiga unayoweza kuifikiria imeshaingia ndani, na ukitaka kujua kama kweli mgawanyo ni mbaya kiasi cha kuitwa uhaba, unaangalia kama watu wanagombana.

Mnorwe Nils Petter Gleditsch alilitaja tatizo hili mwaka 1998, na la pili pia: visa vilivyochunguzwa na kundi la Toronto vilikuwa vile vyenye uhaba na machafuko pamoja. Vijiji vyenye uhaba na amani havikuingia kwenye sampuli. Homer-Dixon alijitetea kwamba alitaka kwanza kuonyesha njia ambayo sababu hupitia, na utetezi huo una uzito kuliko wapinzani wake walivyokubali. Fundi anayetafuta kwa nini injini imekufa haanzi na injini nzima. Lakini mtu akitaka kusema kwamba uhaba ndio unaoua, hana budi kuonyesha vijiji ambavyo haukuua.

Kilosa ina vijiji hivyo. Tindiga yenyewe haikukosa ugomvi wa ng'ombe na mpunga, lakini haina historia kama ya Rudewa Mbuyuni, ingawa jembe, ng'ombe na kiangazi ni vilevile. Nadharia inayoieleza Rudewa kwa vitu ambavyo Tindiga pia inavyo haijaieleza Rudewa.

Upande wa malisho kulikuwa na jaribio jingine. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakisema eneo fulani lina uwezo wa ng'ombe kadhaa, na waliozidi waondolewe. Mwaka 1988 Jim Ellis na David Swift walichapisha matokeo ya utafiti wao Turkana, Kenya: katika nchi kavu ambayo mvua hubadilika sana, kiasi cha majani huamuliwa na mvua kuliko idadi ya mifugo, na ukame huwapunguza ng'ombe kabla hawajaimaliza nyasi. Uwezo wa malisho, kama namba moja ya kudumu, ukawa dhana isiyo na kitu cha kupima. Watetezi wa wafugaji waliipokea habari hiyo kwa shangwe na kuipeleka kila mahali, Kilosa ikiwemo. Hapo nina wasiwasi. Turkana ni karibu jangwa. Kilosa inavuna mpunga. Ellis na Swift walitaja wazi ni nchi za aina gani walizozikusudia, na bonde la Mkata haliko waziwazi katika orodha hiyo. Kosa walilofanyiwa wafugaji kwa jina la Hardin halisahihishwi kwa kulifanya upya kwa jina la Turkana.

Mwaka 2009 ndipo yalipotoka maelezo ya mauaji ya Rudewa yanayosomwa zaidi hadi leo. Waandishi ni watatu: Tor Benjaminsen wa Norwe, Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Walikataa kuanza na uhaba. Walifuatilia malisho yalivyopotea mikononi mwa wafugaji chini ya sera za ardhi na hifadhi, mabonde ya kiangazi yalivyogeuka mashamba, na namna rushwa ilivyoua imani ya pande zote mbili kwa viongozi. Kwao, mtu hushika silaha pale anapoamini kwamba ofisi imeshanunuliwa na mwenzake.

Kwa karibu mambo huwa hivi. Ng'ombe wanaingia kwenye mpunga usiku. Walinzi wa jadi, ambao Morogoro huitwa mwano, wanawakamata na kuwaswaga hadi kijijini. Mtendaji anaitwa, bwana shamba anaitwa kukadiria hasara. Mwenye shamba anataka kiasi fulani, mwenye ng'ombe anataka kingine, na kila siku ng'ombe wanayokaa zizini wanakonda. Hatimaye pesa inatoka. Sehemu inaandikiwa stakabadhi. Ikitoka na nyingine isiyoandikiwa, mkulima aliyepata kidogo anasema mfugaji amemhonga mtendaji. Mfugaji aliyelipa kingi anasema kijiji kimefanya mifugo yake mradi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Hata mahakama haikumaliza jambo. Wafugaji wa Mabwegere, wilayani humohumo, walipigania mipaka ya kijiji chao hadi Mahakama ya Rufani wakashinda, na ugomvi ukaendelea. Na mwanzoni mwa 2009 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika vijiji kadhaa vya Kilosa, kwa lugha ileile ya ng'ombe waliozidi uwezo wa ardhi.

Naona maelezo ya akina Benjaminsen ndiyo bora tuliyonayo. Yanataja njia ambayo sababu ilipitia, na mengi katika hayo yanaweza kukaguliwa na mtu asiyeyaamini. Lakini kipimo tulichompimia Homer-Dixon lazima tuwapimie na wao. Sera za ardhi walizozilaumu ni za taifa zima. Rudewa ni moja. Na dhana yao ya katikati, imani iliyokufa, ilipimwa zaidi kwa kuwauliza watu baada ya mauaji. Mtu aliyezika ndugu atakuambia kwamba viongozi walikuwa wamenunuliwa, na pengine kweli walikuwa. Hata hivyo hiyo ni imani iliyopimwa upande wa pili wa msiba, kwa debe la msiba wenyewe. Tungependa kuijua ilivyokuwa mwaka 1998, mwaka ambao hakuna aliyejua kwamba Rudewa itaingia vitabuni.

Kipo kitu kinachoweza kuipima bila kuuliza maoni ya mtu yeyote. Faini ikilipwa kijijini stakabadhi hukatwa, na nakala hubaki kitabuni ikiwa na tarehe, kiasi na jina la aliyelipa. Mahakama za mwanzo zina majalada. Kijiji ambacho kesi za ng'ombe zilianza kupungua kwenye vitabu ilhali mifugo ilikuwa ikiongezeka, hapo watu walikuwa wameacha ofisi na kwenda kwingine, na tarehe ya kuacha itaonekana. Kama nadharia ya 2009 ni sahihi, vitabu vya Rudewa vitaonyesha kuporomoka huko kabla ya Desemba 2000, na vya Tindiga havitaonyesha. Visipoonyesha, nadharia ina kazi ya kujieleza. Mwanafunzi wa Sokoine au wa Mlimani anayetafuta mada ya tasnifu aanzie kwenye kabati za ofisi za vijiji hivyo, na aende mapema, kabla mchwa hawajavimaliza vilivyobaki.